Unasomea ualimu wa kompyuta? Anza na ubao

Vijana wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwetu huniuliza swali moja karibu kila mwaka: "Mwalimu, nijifunze lugha gani ya programu kabla sijamaliza chuo?" Mmoja atataja Python, mwingine Java, mwingine anayo orodha ndefu aliyoiokota mtandaoni. Jibu langu ni lile lile. Ijue moja vizuri, kwa kidato cha kwanza hadi cha nne inatosha. Muda unaobaki utumie kujifunza kufundisha somo hili kwa ubao, chaki na karatasi, umeme ukiwa umekatika na wanafunzi sitini wanakutazama.

Nafundisha kompyuta na hisabati katika shule ya serikali mkoani Mwanza, upande wa Sengerema. Kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, wengi wetu tulifika mjini kwa kivuko, na hata kibodi ya kubadilisha ilisubiri mtu mwenye safari ya Mwanza. Daraja limerahisisha mengi. Halijaongeza kompyuta. Chumba chetu kina mashine kumi na mbili, na siku njema zinawaka tisa. Ninaposema ubao, basi, ninasema habari za kazi yenyewe ilivyo katika shule nyingi za kanda hii.

Kuhusu njia za kuingia sitakaa sana, maana TCU, inayosimamia vyuo vikuu, na NACTVET, inayosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, hutoa miongozo ya udahili na hiyo ndiyo ya kufuata. Ila kama una shahada ya kompyuta isiyo na ualimu ndani yake, usidhani umechelewa. Ipo stashahada ya uzamili ya elimu, na Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Mwanza, ni kimoja cha vyuo vinavyoitoa. Na wewe unayechagua masomo mawili ya kufundishia, la pili lichague kwa makini kuliko unavyofikiri. Shule nyingi za kata hazifundishi kompyuta kabisa. Ukipangwa huko, somo la pili ndilo litakalokupa vipindi na heshima ya awali kwa walimu wenzako. Ushauri wangu ni hisabati, kwa mwenye kuiweza. Kompyuta na hisabati zinafundishana: mwanafunzi aliyeelewa jedwali la ukweli (lile la kuonyesha lini kauli ni kweli na lini si kweli) kwangu asubuhi hanisumbui sana kwenye seti mchana.

Jambo la kufanya leo, kabla hujaendelea na vitini vya chuo, ni kupakua muhtasari wa somo. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Sayansi ya Kompyuta mahali ambapo wengi wetu tulizoea ICS (Information and Computer Studies), na mihtasari ipo bure kwenye tovuti ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Uchapishe steshenari, uusome wote kuanzia kidato cha kwanza, na kila mada jiulize: hii nitaifundishaje siku ambayo hakuna mashine inayowaka? Ukiona mada huna jibu lake, hapo ndipo pa kujifunza.

Chukua namba za msingi wa mbili, zile zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu. Chuoni mtafundishwa kugawanya kwa mbili na kuandika mabaki, na ndivyo walimu wengi wanavyokwenda kuzifundisha. Mwanafunzi anakariri hatua, anapata alama, ila ukimuuliza kwa nini inafanya kazi, anainamisha kichwa. Mimi nakata kadi tano kubwa za manila. Nachora nukta 16 kwenye ya kwanza, kisha 8, 4, 2 na 1. Wanafunzi watano wanasimama mbele kwa mpangilio huo, kila mmoja na kadi yake, na kila mmoja ana uhuru wa mambo mawili tu: kuionyesha au kuificha. Naliambia darasa, nipeni 19. Wanabishana, wanaelekezana, hadi wanabaki wamesimama wenye 16, 2 na 1 wakionyesha, wa 8 na wa 4 wameficha. Aliyeonyesha ni 1, aliyeficha ni 0. Tunaandika ubaoni 10011. Kisha maswali: namba kubwa kuliko zote ni ipi? Kuna namba inayopatikana kwa njia mbili tofauti? Nikileta mwanafunzi wa sita, kadi yake iwe na nukta ngapi? Wakigundua wenyewe kuwa ni 32, na kwamba hakuna namba yenye njia mbili, huna haja ya kuwapigia kelele wakariri. Zoezi hili si la kwangu. Linatoka kwenye mkusanyiko wa CS Unplugged, kazi ya Tim Bell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand, nao wameuacha bure kwa walimu wa dunia nzima.

Lingine halihitaji hata manila. Chukua daftari la mahudhurio lenye majina 60 yaliyopangwa kwa alfabeti. Mwambie mwanafunzi mmoja achague jina kimyakimya, na darasa lilitafute kwa kufungua katikati kila mara na kuuliza: lipo kabla ya hapa au baada? Kila swali linaondoa nusu ya majina. Hawatazidisha mara sita. Halafu waulize ingekuwaje kama majina yangeandikwa ovyo. Umefundisha utafutaji wa nusu kwa nusu, na umefundisha kwa nini tunapanga data, kwa kipindi kimoja.

Sasa programu zenyewe, na hapa naomba unisome polepole, kwa sababu ndipo ualimu wetu unapopimwa. Andika ubaoni mistari mitatu: a = 5, kisha b = a, kisha a = 7. Uliza b ni ngapi. Sehemu kubwa ya darasa watasema 7. Hawajakosa akili. Hisabati imewazoesha kwamba alama ya usawa ikishawekwa, usawa huo ni wa kudumu, kwa hiyo a ikibadilika na b ifuate. Mwalimu anayesema tu "hapana, ni 5" amelizika tatizo, na litafufuka mwezi ujao kwenye kitanzi cha kujirudia, pale amri zilezile zinaporudiwa tena na tena. Mfundishe mwanafunzi kuchora jedwali daftarini, safu ya a na safu ya b, na kujaza mstari kwa mstari kama mashine inavyofanya, bila kuruka na bila kuangalia mbele. Kazi hii ya kufuatilia inachosha na haivutii wageni. Hata hivyo sijaona kinachowasaidia wanafunzi wangu zaidi ya hiyo. Akiweza kufuatilia, ataweza kutafuta kosa lake mwenyewe.

Ndiyo maana napenda utaratibu wa PRIMM uliotungwa na Sue Sentance na wenzake Uingereza. Mwanafunzi anapewa programu iliyokwisha kuandikwa. Kwanza anatabiri itafanya nini, kisha anaiendesha, anaichunguza, anairekebisha, na mwisho ndipo anaunda ya kwake. Kwetu faida yake ni kubwa, kwa sababu kutabiri na kuchunguza hakuhitaji umeme. Nusu ya darasa inatabiri kwenye karatasi, nusu ipo kwenye mashine, kisha wanabadilishana. Yapo pia mafumbo ya Parsons, yaliyoanzia New Zealand mwaka 2006: unaandika programu sahihi, unaikata mistari vipande vipande, unaichanganya, na kila kundi linaipanga upya mezani. Bahasha moja ya vipande inakaa miaka.

Mifano itoe hapo ulipo. Vitabu vimejaa mifano ya tiketi za sinema, na wengi wa wanafunzi wangu hawajaingia ukumbi wa sinema. Ila sangara wanamjua. Wanajua pia kwamba sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, wengine wamewaona baba zao wakibishana juu ya hilo ufukweni. Basi tunaandika: kama urefu ni chini ya 50, andika "mrudishe", vinginevyo andika "mchukue". Halafu nauliza, na mwenye 50 kamili? Hapo darasa linawaka. Wapo walioandika alama ya "chini ya au sawa na", na programu yao inamnyima mvuvi samaki wake halali. Tunaijaribu kwa 49, 50 na 51. Tangu hapo, nikisema "jaribuni mpakani", hakuna anayeuliza maana yake.

Ukiingia kwenye chumba cha kompyuta, tazama nani ameshika mausi. Tazama kweli. Yule mvulana ambaye nyumbani kuna simu janja na laptopu ya kaka ataishika kipindi kizima, na msichana aliyetoka kisiwani Ukerewe au Kome, ambaye kibodi ameigusa mara ya kwanza shuleni, atakaa pembeni akinakili. Hatalalamika. Atapita kidato cha pili, ataacha somo, na watu watasema wasichana hawapendi kompyuta. Jambo hili linaniuma na sitaki mwalimu mpya alizoee. Wapange wawili wawili wewe mwenyewe. Mmoja anaandika, mwingine anamwelekeza kwa mdomo tu bila kugusa chochote, na baada ya dakika kumi unagonga meza wanabadilishana. Simamia hilo kila kipindi hadi liwe desturi yao.

Lugha nayo ni kazi. Tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza, lakini watoto wengi wametoka kufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Kwenye makundi waache wafikiri na kubishana kwa Kiswahili, kisha kila kundi lije ubaoni kuandika jibu kwa lugha ya mtihani. Wazo likishakaa sawa, sentensi ya Kiingereza ni fupi.

Kuna mzigo mwingine ambao chuoni hawakuambii. Ukifika shuleni kama mwalimu wa kompyuta, utaitwa kwa kila chenye waya. Printa imekwama, ni wewe. Matokeo ya shule nzima yanatakiwa kesho, ni wewe. Mitihani ya muhula ichapwe, ni wewe tena, na chumba chako kinageuka ofisi wiki tatu wakati wanafunzi wako wapo nje. Saidia, maana shule ni ya wote na wakubwa zako wanakutegemea. Lakini wiki ya kwanza nenda kwa mkuu wa shule na ratiba mkononi, umwombe kwa adabu vipindi vya chumba kile viheshimiwe kama vya maabara ya kemia. Kisha waombe mwalimu wa taaluma na walimu wawili watatu uwafundishe kuchapa wenyewe, hata kama ni saa moja baada ya masomo. Mkuu akiona umekuja na mpango, mara nyingi anakubali.

Kuhusu mazoezi ya kufundisha, ukipata nafasi ya kuchagua, usikimbilie shule ya mjini yenye mashine arobaini na intaneti. Nenda shule ngumu ukiwa bado una mhadhiri wa kukutembelea na mwalimu mwenyeji wa kumuuliza. Mwombe mwenyeji akae nyuma ya darasa, na mwambie asitazame andalio lako la somo bali awatazame wanafunzi watatu aliowachagua: waliandika nini, walikwama wapi, walimnakili nani. Taarifa hiyo itakufaa kuliko maksi.

Na uwe na daftari la majibu yasiyo sahihi. Kila jioni andika mada, swali uliloliuliza, jibu alilolitoa mwanafunzi kwa maneno yake mwenyewe, na unachodhani alikuwa anawaza. Usiandike jina lake. Mazoezi yakiisha, kaa na mwenzako aliyekuwa shule nyingine mlinganishe. Majibu yatakayojitokeza kwenye madaftari yote mawili, yaandalie kadi, jedwali au fumbo la vipande kabla hamjaajiriwa, maana wanafunzi wenu wa kwanza watakuja nayo.