Barua kwa mwanangu: alikuwa nani kwangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, marahaba. Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikakukatiza, sauti ilikuwa haitoki. Ulitaka kujua kwa nini nimekaa siku tatu kwenye matanga ya mtu asiye ndugu, wakati harusi ya mjomba wako sikulala hata usiku mmoja. (Mjomba wako naye ameshaliuliza, kwa ukali zaidi.)

Marehemu huyo ni Bi Mkubwa, ndivyo wodi nzima tulivyomwita, hata daktari mfawidhi. Nilimkuta leba, wodi ya kujifungulia, nilipoajiriwa. Malaika hakuwa. Ndugu wa wagonjwa walimwogopa, na kantini alikuwa na daftari lake la chai ya mkopo. Siku ya mazishi familia ilipotangaza mwenye deni na marehemu ajitokeze, mama wa kantini alisimama, akasema amesamehe, kisha akacheka huku analia.

Nikusimulie usiku mmoja tu. Zamu yetu ilikuwa na wazazi watano, umeme umekatika, na kile kidude cha betri cha kusikilizia mapigo ya mtoto kimezima. Nikachukua kipembe cha mbao, kile alichobuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, nikasikiliza tumbo la mama mmoja, nikahesabu 124. Kawaida ni kati ya 110 na 160, kwa hiyo nikaandika kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, nikapita kitanda cha pili, najiona fundi.

Bi Mkubwa akapita nyuma yangu. Akasugua viganja kwanza, maana hakuwahi kumgusa mzazi kwa mkono wa baridi. Akapapasa tumbo taratibu akitafuta mgongo wa mtoto, akangoja uchungu uachie, akaweka kipembe, akakibana kwa sikio na kuachia mkono. Kipembe ukikishika, vidole vinaleta mkwaruzo. Ule mkono uliobaki wazi ndio uliokwenda kushika mshipa wa mama kwenye kifundo cha mkono. Alikaa hivyo dakika nzima, ameinama, macho kwenye saa ya kifuani.

"Binti," akaniambia kwa sauti ya chini, mama asisikie, "haya uliyoandika ni ya mama yake."

Mama alikuwa na homa, moyo wake unakwenda mbio, nami nikayahesabu mapigo yake nikidhani ni ya mtoto. Ya mtoto yalikuwa chini zaidi, upande wa kushoto: 90, na hayapandi. Daktari akaamshwa, mama akapelekwa kupasuliwa. Mtoto alitoka amechoka, tukampa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, na alipolia miguu yangu ikakataa kunibeba.

Tuliporudi akanipa kalamu. "Kata mstari mmoja, usifute. Andika ya kweli, saa, na sahihi yako." Asubuhi kwenye makabidhiano hakunisemea wala hakunisemelea, aliniacha niseme mwenyewe. Nilipomaliza akaongeza maneno manne: "Zamu ile tulikuwa wawili." Akaenda kunywa chai yake ya mkopo.

Tangu usiku ule sijasikiliza tumbo bila kushika mshipa wa mama. Wanafunzi wananiuliza nimejifunzia chuo gani. Chuoni tulifundishwa pia, mwanangu, ila mimi nilikuwa nimefaulu mtihani nikasahau.

Basi hizo siku tatu nilikuwa jikoni, napepeta mchele na wauguzi wastaafu ambao kila mmoja ana usiku wake kama huu wangu. Tulikuwa hatujawahi kuambiana.

Binti yake amenipa kile kipembe. Ukingo umelainika kwa sikio lake, na upande mmoja kina ufa alioujaza kwa nta. Nimekiweka kabatini juu ya mashuka. Ukija Pasaka utakiona, lakini usikipulize. Cha kwangu ulikifanya tarumbeta ukiwa na miaka minne, na kofi lile bado silijutii.

Mama yako