Kwako unayetaka kula kwa sauti yako

Nilipoanza nilijua kazi yangu ni moja tu, kuimba. Kutunga niliachia wenye muda, na kufundisha niliona ni kazi ya waliochokwa na jukwaa. Kisha nikaimba usiku tano mfululizo nikiwa na mafua. Usiku wa tano nilifika kwenye kiitikio, nikafungua mdomo, ukatoka upepo mtupu. Wenzangu waliumalizia wimbo, mimi nimeshika maiki kama pambo.

Daktari alinipitishia kamera nyembamba puani, na kwenye skrini nikaziona nyuzi zangu za sauti kwa mara ya kwanza. Ni vitu viwili vidogo, hata kwa mtu mzima havifiki sentimita tatu, na ndivyo nilivyokuwa nimevitwisha maisha yangu yote. Ukiimba ile noti iitwayo la, ya hezi 440, wanayotumia wapigaji kulinganisha ala, nyuzi hizo zinakutana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja. Sasa piga hesabu ya onyesho zima. Zangu zilikuwa zimevimba, nyekundu. Nikaambiwa ninyamaze, na nisinong'one pia, kwa sababu wengi tunaponong'ona tunakaza koo lilelile tunalodai kulipumzisha.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ni hili: sauti ikikwaruza wiki mbili tatu na haionyeshi dalili ya kurudi, usiendelee kuulizana na wanabendi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na maji unayoyabugia dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani hayazigusi nyuzi, maana yanashuka njia ya chakula. Ukitaka yakusaidie usiku, anza kunywa asubuhi.

Kitu kilichonirudisha kuimba ni mrija. Usicheke. Tia maji kwenye glasi, zamisha mrija sentimita mbili hivi, kisha vumisha noti moja ya chini kupitia humo hadi mapovu yatoke kwa mwendo mmoja. Yakitoka kwa kushtukashtuka, pumzi yako haijatulia. Ikishatulia, telezesha sauti juu na chini taratibu. Hewa inayokataliwa kidogo na yale maji husukuma kurudi kooni, na nyuzi hutetema bila kupigana kwa nguvu. Dakika tano za mrija zinanifaa kuliko nusu saa ya kupiga kelele chooni, na nimefanya zote mbili.

Wakati huo wa kimya ndipo nilipoanza kutunga kwa bidii, na nikagundua kumbe nilikuwa naimba maneno bila kuyasikia. Kiswahili kina mkazo wake, karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na melodi ikiubeba mkazo huo mahali pengine msikilizaji anajikwaa hata kama hajui kwa nini. Chukua neno barabara. Pigo zito likiangukia silabi ya tatu, ba, umetaja njia ya magari. Likiangukia silabi ya pili, ra, umesema "sawasawa". Nilishawahi kuimba kwamba mpenzi wangu amenisubiri sawasawani. Hivyo sema mstari kama unavyozungumza kwanza, piga kofi pale panapokazwa, ndipo uutafutie melodi. Jambo jingine: maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na hiyo ni zawadi, ila si irabu zote zinapenda juu. Noti ndefu ya kilele ukiiweka kwenye a, koo linafunguka. Ukiiweka kwenye u, wengi tunabanwa. Mtunzi anayejua hilo hujiepushia vita vya kila usiku.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Kuna kiitikio nilichokitunga nimekaa kwenye kochi la studio, tukacheka, tukarekodi, tukaenda kulala. Jina langu halimo kwenye utunzi. Kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki ya mtunzi haingoji kusajiliwa, inazaliwa na kazi yenyewe. Vizuri sana. Haki ninayo, ushahidi ndio sina. Wimbo una haki mbili, ya utunzi (maneno na melodi) na ya rekodi yenyewe, na mirabaha yake hupita njia tofauti. Andikeni nani ana asilimia ngapi ya kipi, wote mtie sahihi usiku uleule, kabla wimbo haujapendwa. Ukishapendwa, kumbukumbu za watu hubadilika.

Kufundisha kulinijia kwa sababu sikuwa na cha kufanya, na mwanzo nilifundisha vibaya. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa na sauti nyepesi ya juu, nami ni mtu wa chini. Nikamfundisha kuwa mimi. Miezi miwili akawa anaguna. Nilipokuja kusoma habari za Manuel García, mwalimu wa uimbaji ambaye mwaka 1854 alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi za koo lake mwenyewe zikifanya kazi, niliona aibu. Mimi nilikuwa na macho na masikio, wala sikumtazama aliyesimama mbele yangu.

Siku hizi natazama kidevu. Mwanafunzi akikaribia noti ya juu kidevu kinanyanyuka, kana kwamba noti imetundikwa ukutani na anaichungulia. Simwambii kitu. Namwomba aweke kidole kidevuni na kurudia, anakihisi kinavyopanda, anakiacha chini mwenyewe.

Ila nawe mwalimu jihesabie. Saa tatu za kuonyesha mazoezi ni saa tatu za kuimba, hata kama hakuna aliyepiga makofi. Siku nikiwa na onyesho usiku sipokei wanafunzi zaidi ya wawili, noti naonyesha kwa kinanda, na mrija ninao mfukoni.