Gobore litoke usiku uleule

Kamwene wahariri na wasomaji wenzangu. Mmeuliza wiki hii, polisi wakiitwa kwenye ugomvi wa mke na mume waondoke na bunduki iliyomo ndani au waiache? Mi nasema waondoke nayo usiku uleule, ila swali lenu limekaa kama vile kila bunduki ina leseni na imefungiwa kabatini.

Kwetu (kijiji sikitaji, ni njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, mtaelewa mbele kwanini) silaha ni gobore. Linakaa darini limeviringishwa kwenye kiroba, ni la kufukuzia nguruwe pori na nyani shambani, baba alilikuta kwa babu na karatasi halina, kila mtu anajua lipo na hakuna anayesema. Alafu unakuja msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Bwana wa shangazi yangu alikuwa hapigi nalo mtu, tena hata kulifyatua sijawahi kusikia. Analishusha tu analiweka mezani, watu wanakula ugali na lenyewe lipo hapo pembeni ya bakuli la mboga, mtoto anaogopa hadi kuomba maji. Siku moja kipigo kikazidi majirani wakapiga simu, wakaja askari wawili na mgambo, wakamuuliza shangazi pale pale mume kasimama, mama kuna silaha humu ndani? Akasema hakuna. Mi nilikuwepo, nikamwangalia akainamisha uso. Mume akalala mahabusu, kesho yake wazee wa ukoo wakakaa, kuku akachinjwa, yakaisha kifamilia, akarudi nyumbani na gobore halijatoka hata darini.

Nilimuuliza baadae kwanini hakusema. Akaniambia, ningesema si angefungwa, sa hawa watoto ungekuja kuwalisha wewe? Na kwakweli nilikosa jibu, maana kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 kukutwa na silaha isiyo na kibali ni kesi ya jela, sio ya kuongea ikaisha.

Kwaiyo mi naona kwanza mwanamke aulizwe pembeni, hata jikoni, na ikiwezekana na askari wa kike wa Dawati la Jinsia. Pili, polisi si huwa wanatangaza msamaha watu wasalimishe silaha kwa hiari bila kushtakiwa? Basi gobore analolitoa mke usiku wa ugomvi nalo lihesabiwe limesalimishwa hivyohivyo, mume ajibu kesi ya kupiga, ya gobore iishie hapo. Bila hiyo mtauliza mpaka kunakucha na jibu litakuwa hakuna.

Kwa wale wenye leseni zao shida ni kurudishiwa. California kule Marekani askari akikuta kuna kipigo au mtu katishiwa kuuawa, bunduki anayoiona wazi lazima aichukue, na inakaa kwao sio chini ya saa 48. Kwetu saa 48 hazitoshi kabisa, kikao cha ukoo kinaisha siku moja na yule kuku keshaliwa! Irudishwe kwa amri ya mahakama, sio kwa sababu wazee wamesema wamepatana. Na msiniambie haki ya mtu na mali yake, Marekani bunduki imeandikwa mpaka kwenye katiba na bado mwaka 2024 majaji 8 kati ya 9 wa Mahakama yao ya Juu walikubali kwamba mtu ambaye mahakama imeshamuona ni hatari kwa mwenza wake azuiwe kuwa nayo.

Najua kuna mtu atasema nguruwe watamaliza mahindi. Wamalize bana, mahindi yapo Makambako tutanunua.

Lile gobore bado lipo. Nikienda kwa shangazi Krismasi nalala chumba cha mbele, chini yake kabisa, na usingizi siupati mpaka nisikie mzee anakoroma.

Msomaji wenu, Iringa (jina msiweke tafadhali)