Pensheni Yangu Ipo, Mbona Mkopo Wamenikatalia?

SWALI: Dada salaam, mimi ni mwalimu mkuu msaidizi kwenye shule ya msingi ya serikali huku Arua, nina miaka 57 na nusu, nikistaafu nitakuwa nimetimiza miaka 30 kazini. Nimejenga nyumba imefika kwenye linta nikasema kabla sijatoka kazini niezeke bati, basi nikapanda basi la usiku mpaka Kampala nikaenda wizarani kuomba wanikopeshe milioni 5 kwenye pensheni yangu, kijana wa pale akaniambia mzee hapa sisi hatukopeshi. Nikarudi, nikaomba kwenye benki yangu ya mshahara, baada ya wiki mbili ikaingia meseji kwamba ombi halikufanikiwa, basi, sababu hawakusema. Sasa kuna jamaa hapa mjini anasema nikimpa laki 3 atanisukumia faili. Deni la SACCO nilishamaliza mwezi wa tatu, la benki ndio bado naendelea. Hiyo pensheni si jasho langu? Slipu yangu ya mshahara ya mwezi wa nane nimekutumia picha. – Mwalimu, Arua

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kabla ya yote hiyo laki 3 usiitoe. Huyo jamaa hana faili lolote la kusukuma, na nitakuonyesha hapa chini kwa nini hata meneja mwenyewe wa benki angekuwa shemeji yako bado jibu lingekuwa lile lile.

Nianze na Kampala, manake safari ile imekuuma na naona watu wengi wanaifanya. Mtumishi wa serikali wa Uganda, mwalimu, nesi, askari, hakatwi hata shilingi moja ya kuchangia pensheni. Angalia slipu yako kuanzia juu mpaka chini, hakuna mstari wa mchango wa pensheni. Kwa hiyo hakuna sanduku mahali lenye jina lako na pesa zako ndani, pensheni inatoka kwenye mfuko mkuu wa hazina ukishastaafu na siyo kabla. Ni haki yako kabisa, Katiba ibara ya 254 inasema ulipwe kulingana na cheo, mshahara na miaka uliyofanya kazi, isikatwe kodi, na ilipwe kwa wakati. Lakini haki inayokuja siyo akiba iliyopo. Na Sheria ya Pensheni inakataza pensheni kuwekwa rehani au kuhamishiwa mtu mwingine, ndio maana benki hata ikijua una kiinua mgongo kinakuja haiwezi kukishika kama dhamana. Kijana wa wizarani hakukudharau mzee wangu, alikwambia ukweli, ila angekaa nawe dakika tano akueleze, umetoka mbali.

Sasa benki. Benki haiangalii pensheni, inaangalia slipu na umri. Nimeichukua slipu yako nikakaa nayo na kalamu. Mshahara 800,000, kodi ya PAYE 142,000, unabaki na 658,000. Mkopo wa benki unakatwa 240,000. Halafu chini yake kuna mstari mwingine wa SACCO, 80,000. Mwalimu, si umesema SACCO ulimaliza mwezi wa tatu? Mbona mwezi wa nane bado wanakukata?

Hapo ndipo pa kuanzia. Mikopo hii ya kukatwa kwenye mshahara hesabu yake inashikwa kwenye nusu, yaani makato yakishapita nusu ya kile unachopeleka nyumbani hawakuongezi tena. Nusu ya 658,000 ni 329,000. Wewe saa hii unabaki na 338,000, maana yake una nafasi ya shilingi 9,000 tu kwa mwezi, na benki inayoona hivyo itakupa milioni 5 gani? Huenda kompyuta ndiyo ilikukataa kabla mtu hajafungua hata ukurasa wa kwanza wa fomu yako. Huo mstari wa 80,000 ukitoka unabaki na 418,000, nafasi yako inakuwa 89,000.

Nenda kwenye SACCO ukawaombe barua ya kumaliza deni, yenye muhuri na tarehe ya rejesho la mwisho. Chukua na taarifa ya akaunti yako ya mkopo. Peleka kopi kwa afisa utumishi wa wilaya, akugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi yako wewe, halafu fuatilia mpaka uone slipu ya mwezi unaofuata haina ule mstari. Usiamini neno la "tumeshatoa", amini slipu. Na toka mwezi wa nne mpaka wa nane ni miezi 5, yaani laki 4 zimekatwa bila deni, zidai kwa barua, hizo ni bati kadhaa.

Kuna na umri. Utumishi wa serikali mwisho ni miaka 60, na mkopo wa mshahara lazima uishe kabla mshahara haujaisha. Wewe umebakiza miezi 30, ukitoa miezi miwili ya kuzunguka na barua inabaki 28. Kijana wa miaka 30 anaomba milioni 5 anagawiwa miaka mingi, anakatwa kidogo kidogo. Wewe milioni 5 hiyo hiyo gawa kwa miezi 28, kabla hata ya riba ni zaidi ya 178,000 kila mwezi na nafasi yako ni 89,000. Kwa hiyo hata SACCO ikitoka usirudi kuomba 5, utakataliwa tena. Omba kama milioni 2, hiyo huenda ikaingia, inategemea riba yao. Najua 2 haimalizi nyumba. Labda inaezeka vyumba viwili na milango, mhamie, mengine yasubiri.

Na yanasubiri nini? Hapa nataka nikupe moyo kwa hesabu. Kwa mshahara huo na miezi 360 ya kazi: mshahara wa mwaka 9,600,000 mara 360 gawa kwa 500, unapata 6,912,000, hiyo ndio pensheni ya mwaka mzima. Theluthi yake wanaizidisha mara 15 wanakupa kwa mkupuo, 34,560,000, hicho ndicho kiinua mgongo. Inayobaki inakuja kila mwezi, kama 384,000. Yaani mzee, miaka miwili na nusu ijayo unaweza kumaliza ile nyumba na kupiga rangi bila kudaiwa na mtu. Ndio maana roho inaniuma nikisikia mtu wa umri wako anatafuta mkopo wa haraka wa riba kali kisa bati, halafu kiinua mgongo kinakuja kuliwa na deni.

Ile meseji ya benki pia usiiache hivyo. Andika barua uulize sababu. Mteja ana haki ya kulalamika kwenye benki yake na kujibiwa bila kulipia, Benki Kuu iliweka miongozo ya kumlinda mteja toka 2011, na wasipokujibu ndio unapanda kwa Benki Kuu yenyewe. Uliza pia kama jina lako lina doa kwenye CRB, zile ofisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Watu wengi wanakutwa humo kwa deni la rafiki waliyemdhamini wakasahau, au mkopo mdogo wa simu. Una haki ya kuona taarifa zako na kupinga kilichokosewa.

La mwisho ambalo hukuuliza. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu pia, barua zake zote, ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa, alizifunga kwenye kavera jeusi, yaani mfuko wa plastiki, akaziweka chini kabisa kwenye sanduku la bati, na panya wakapata njia. Barua ya kuthibitishwa ililiwa kona yenye namba ya faili. Kwa ile kona alizunguka ofisi moja zaidi ya mwaka akiwa ameshastaafu, nauli anakopa kwetu watoto. Zako zitoe leo, zipige kopi, na uangalie tarehe ya kuzaliwa iliyoko kwenye kitambulisho cha taifa kama ni sawa na ile uliyoandika ulipoajiriwa. Kama zinagombana, anza kurekebisha sasa hivi ukiwa bado una mshahara wa kukusafirisha.

SWALI: Mimi nafanya kazi kwenye shirika Mbale, nakatwa NSSF mwaka wa 12 sasa, nina miaka 46. Niliomba NSSF wanipe mkopo wa ada ya mtoto chuo, wakasema hawana mkopo. Kwenye taarifa naona nina karibu milioni 30. Ina maana nikae nazitazama tu? – Mama Sharifa

JIBU: Mama Sharifa, wewe hali yako ni tofauti na ya mwalimu hapo juu, zako ni akiba za kweli, asilimia 5 yako na 10 ya mwajiri, ziko kwa jina lako. NSSF kweli haikopeshi wanachama, ila wewe hukuhitaji mkopo, uliuliza tu kitu ambacho siyo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefika miaka 45 na amechangia miaka 10 anaruhusiwa kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mwenye ulemavu ni toka miaka 40, na anaweza mpaka nusu. Kwako asilimia 20 ya milioni 30 ni milioni 6, hairudishwi, haina riba, haina mdhamini.

Lakini mama angu nikuombe. Hizo 6 zikitoka, zimetoka na faida ambayo zingekuzalia kila mwaka mpaka unafika 55. Kama ada ya muhula ni milioni moja na nusu usitoe 6 zote eti kwa sababu umeruhusiwa, hiyo ni "mpaka" asilimia 20, siyo lazima. Ada ya mtoto kwangu ni sababu nzuri. Harusi ya shangazi siyo.

SWALI: Mume wangu ni askari, alikataliwa mkopo kwenye SACCO yao kwa sababu anadaiwa, akaenda kwa mtu anakopesha pesa mtaani. Alikopa laki 8, yule mtu akachukua kadi yake ya ATM na namba ya siri na kitambulisho cha taifa. Kila mwezi anatoa mshahara yeye anatupa kinachobaki, na hatujui deni limefika wapi. Mume anaona aibu kusema kazini. – Mke wa askari, Gulu

JIBU: Dada yangu pole sana, na umefanya vizuri kuandika, manake hapo siyo tena mambo ya mkopo kukataliwa. Kanuni za wakopeshaji pesa za mwaka 2018 zinakataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti, au kadi ya ATM na namba yake ya siri kama dhamana. Hata kama mume wako alimpa kwa mkono wake mwenyewe, bado hairuhusiwi. Deni lenyewe halifutiki, laki 8 alizikula kweli, lakini kadi lazima irudi.

Leo hii mume aende benki afunge ile kadi apewe nyingine yenye namba mpya. Benki haitamuuliza mambo ya aibu, watu wanapoteza kadi kila siku. Kisha mkopeshaji aandikiwe, kwa maandishi, aonyeshe mkataba na kila shilingi aliyoshatoa kwenye akaunti, taarifa ya benki mtaipata mjumlishe wenyewe, siajabu laki 8 na riba yake zimeshalipwa zamani. Akikataa au akitisha, mamlaka inayowasimamia wakopeshaji wa mitaani ni UMRA, wao ndio wanaotoa leseni, waulizeni kwanza kama huyo mtu anayo. Na ile SACCO iliyomkatalia arudi akaongee nao, siyo kuomba mkopo mpya, aombe wampangie upya lile deni la zamani, rejesho lishuke mshahara upumue.

Aibu namwelewa. Mwambie aende na wewe, siku ya benki, kabla mshahara wa mwezi huu haujaingia.