Barua kwa mwanangu: rolig, raha na starehe

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Hatujambo sote, na goti la mama yako limepata nafuu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unasema hapo Aarhus, Denmark, mzee akihangaika mnamwambia "bare rolig", yaani tulia, usiwe na wasiwasi. Kisha mfanyakazi mwenzako kutoka Uswidi akasema filamu fulani ni rolig, naye ana maana inachekesha. Umeniuliza kama ni neno moja, na kama lina undugu na raha yetu.

Ni neno moja. Mzizi wake ni ro, utulivu. Wanorse wa kale, mababu wa Wadenmaki na Waswidi, walisema ró. Wajerumani wana Ruhe. Wadenmaki, Wanorwe na Waaislandi wamebaki na maana hiyo ya utulivu. Waswidi ndio waliohama: wakatoka kwenye kutulia, wakafika kwenye kufurahi, hata kuchekesha. Ila mwulize mwenzako mtu mwenye wasiwasi wanamwitaje kwao. Atakwambia orolig, asiye na utulivu. Maana ya kale imejificha humo.

Hiyo -lig ya mwisho ni ndugu wa -lich ya Kijerumani na -ly ya Kiingereza. Asili yake ni neno la mwili au umbo, na ndilo lig ambalo Wadenmaki hulitumia kwa maiti. Wewe unayewahudumia wazee miguu bila shaka umelisikia katika ligtorn, sugu ya kidoleni: mwiba wa mwili.

Undugu na raha haupo, mwanangu. Raha ni ya Kiarabu, na kwa Waarabu ni mapumziko. Lakini tazama ilikofika: sisi leo tunakula raha! Starehe nayo imetokana na istiraha, kupumzika, na sasa kijana akisema anakwenda kwenye starehe hakuna anayedhani anakwenda kulala. Njia ileile waliyopita Waswidi, bila sisi na wao kuambizana. Jambo hili limenifurahisha wiki nzima.

Na unamkumbuka bibi yako? Ukitaka kuinuka umpishe kiti, alikuwa akikuwekea mkono begani: "Starehe, mjukuu wangu." Kaa hapohapo, usijisumbue. Hiyo ndiyo "bare rolig" uliyoanza kuisikia kabla hujapanda ndege.

Ukiandika tena, niambie mzee wa Kidenmaki naye husema nini akipishwa kiti.

Baba yako