Jang-geum alikuwepo kweli, ila stori nyingi ni ya kutungwa

Dada umeuliza kama Jang-geum wa ile tamthilia ya Kikorea ya 2003, Jewel in the Palace, alikuwepo kweli au wametunga tu. Alikuwepo! Kumbukumbu za wafalme wa Joseon (yaani Korea ya zamani) zinamtaja kama mganga wa kike wa mfalme Jungjong, aliyetawala 1506 mpaka 1544, na mfalme alipozidiwa mwishoni alisema mganga huyo ndo anayeujua ugonjwa wake. Lakini anatajwa kwa mistari michache tu, hakuna habari ya utoto wake, wazazi wala mapenzi, hayo yote mwandishi kajaza mwenyewe, na mi sioni ubaya, angetoa wapi vipindi zaidi ya 50?

Kinachoniuma ni vitu vidogo ambavyo ni rahisi kurekebisha. Mfano ukiona tamthilia ya kipindi hicho halafu mezani kuna kimchi (mboga za kuchachushwa) nyekunduu ya pilipili, hapo wamekosea, coz pilipili asili yake Amerika na Korea ilifika mwishoni mwa miaka ya 1500, enzi za Jungjong walikula ya chumvi bila pilipili hiyo, rangi yake imepauka. Na wananchi wa kawaida wengi walivaa nguo nyeupe, sio yale marangi sokoni.