Miwani inanikosesha kumi, nifanye leza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi kijana wa miaka 24, wazee wangu wa Unguja ila nipo Maskati, napiga shabaha na bunduki ya upepo, ile ya mita 10. Mbali sioni, namba yangu -2.50 macho yote mawili. Nikivaa miwani yangu ya kila siku nikalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, shabaha inakuwa kama imepakwa mafuta na fremu inaingia njiani, nikivua ndo balaa kabisa. Wenzangu wananambia fanya leza uachane na miwani, mwingine kanitumia picha ya yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024 mkono mfukoni, eti mbona yeye miwani ya kawaida na medali kapata. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na Mturuki maana hiyo picha nimeletewa mpaka basi. Yusuf Dikeç kweli alipata medali ya fedha ya timu mchanganyiko, na miwani yake ya kawaida tu, lakini yule alikuwa na bastola! Wa bastola anasimama kichwa wima, mkono umenyooka, jicho linapita katikati ya kioo. Wewe wa bunduki kichwa umekiinamisha, unachungulia kwenye kipembe cha juu karibu na pua, na kioo cha miwani kinakuwa sahihi pale katikati, ukikipita pembeni tena kwa mshazari picha inavutika. Jaribu leo hapo nyumbani, tazama saa ya ukutani na miwani yako, halafu inamisha uso kama unalenga huku macho yako hapohapo kwenye saa, uone namba zinavyoota kivuli. Na duara lenu la kumi, lile la katikati ya shabaha, upana wake nusu milimita tu jamani.

Dawa yake ni fremu ya wapiga shabaha. Ina kioo kimoja kidogo cha duara, unakizungusha na kukisogeza mpaka kikae sawasawa nyuma ya kitobo cha saiti, yaani kile cha kulengea kwenye bunduki, jicho la pili linazibwa na kiplastiki ili usilikunje. Ila namba usiweke -2.50 nzima. Saiti ya mbele iko kama mita moja toka jichoni, shabaha iko mita 10, na jicho haliwezi kushika zote mbili kwa mkupuo, kwa hiyo tunapunguza 0.50 hivi, yako inakuwa -2.00, saiti inasimama vizuri na shabaha inabaki na ukungu kidogo unaovumilika. Kitobo nacho kinasaidia, ndo maana ukitoboa karatasi kwa pini ukachungulia bila miwani unaona mbali afadhali. Mwambie fundi wa miwani akujaribishie -2.25 na -2.00 ukiwa umekaa mkao wako wa kulenga, sio umekaa kwenye kiti chake umenyooka kama bwana harusi.

Lenzi za kuvaa juu ya jicho (contact lens) nazipenda kwa bunduki kwa sababu zinakwenda na jicho, hakuna cha pembeni. Shida AC ya huko kwenu, na mtu akilenga anasahau kupepesa, lenzi inakauka picha inapotea sekunde ileile ya kufyatua. Pepesa mara mbili tatu kabla hujainua bunduki. Na miwani ya kukinga bado uvae, vipande vya risasi vinaweza kurudi.

Leza sikukatazi, ila ngoja namba itulie angalau mwaka mzima, na ujue macho yanaweza kuwa makavu kwa miezi. Kingine ambacho wenzako hawakukwambia, leza inakurekebisha uone mbali, kwa hiyo kwenye kulenga unaweza kujikuta unarudi dukani kutafuta kioo cha +0.50!

Ukiipata hiyo fremu usikaze skrubu mbele ya kioo cha chumbani. Laza shavu kwanza, funga macho, fungua, kama kitobo na kioo havijakaa mstari mmoja sogeza kioo, shingo iache ilivyo.